Kila Umri na Swali Lake: Malezi ya Imani ya Mtoto Kutoka Mgongoni Hadi Bwenini

Mhadhara kwa wazazi, wasimamizi wa ubatizo na walimu wa Shule ya Jumapili



Miaka minane iliyopita nilisimama makaburini tukimzika bibi mmoja wa ukoo wetu. Jeneza lilikwisha kuteremshwa, wanaume walikuwa wakipokezana makoleo, kwaya imeshika wimbo. Mjukuu wa marehemu, mtoto wa miaka mitano, alikuwa ameng'ang'ania kanga ya mama yake. Akauliza kwa sauti iliyofika hadi niliposimama: "Mama, wakimfukia hivyo, bibi atapumuaje?" Shangazi yake akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, watoto hawaulizi mambo hayo." Mtoto akanyamaza. Tulirudi nyumbani, tukala, tukasikiliza salamu za rambirambi za kikundi kimoja baada ya kingine, tukatawanyika. Hakuna hata mmoja wetu aliyemrudia yule mtoto kumjibu. Nami nilikuwa mmojawapo, mwalimu wa Shule ya Jumapili kwa miaka mingi.

Ndugu zangu, lile lilikuwa swali la ufufuo. Mtoto yule alikuwa amefika penyewe, kwenye kiini cha imani tunayoikiri kila Jumapili tukiwa tumesimama. Alibisha hodi, na sisi tuliojaa pale na vitabu vya nyimbo mikononi hatukumfungulia.

Neno nililokuja kulisema leo ni moja. Imani ya mtoto hukua kwa kuuliza, na kila umri una swali lake. Malezi ya imani ni kulitambua swali la umri ule, na kuwapo linapoulizwa.

Mungu aliyewatazamia watoto wauliza

Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Wana wa Israeli wako katika usiku wa kuondoka Misri, usiku wa hofu na haraka. Katikati ya maagizo ya mwanakondoo na damu ya milangoni, Musa anawaambia wazazi kwamba siku moja watoto watauliza maana ya ibada hiyo, na wao wawe tayari kueleza. Nendeni Kumbukumbu la Torati, sura ya 6: mwana anauliza maana ya amri, baba anajibu kwa kumsimulia jinsi walivyokuwa watumwa. Nendeni Yoshua, sura ya 4: mawe kumi na mawili yanatolewa katikati ya Yordani na kusimamishwa Gilgali, ili watoto wakiyaona waulize. Hadi leo, katika nyumba za Wayahudi, masimulizi ya usiku wa Pasaka huanza kwa maswali ya mtoto mdogo kuliko wote mezani.

Utazameni mpango huo. Kwanza jambo linatendwa mbele ya mtoto. Mtoto analiona, anashangaa, anauliza. Ndipo anafundishwa. Sisi tumeupindua. Tunaanza na jibu, tunamkaririsha mtoto, na huku nyumbani hajawahi kuona kitu kinachomfanya aulize. Hajamkuta baba amepiga magoti. Hajamwona mama akifunga na kuomba kwa ajili ya jirani. Hakuna jiwe lolote sebuleni mwetu linalomfanya mtoto asimame na kusema: baba, hili ni la nini?

Martin Luther aliliona jambo hili karne tano zilizopita. Mwaka 1528 alizunguka kukagua sharika za Saksonia huko Ujerumani, akakuta Wakristo waliobatizwa wasiojua Amri Kumi, wala Imani ya Mitume, wala Sala ya Bwana. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimu Ndogo. Wengi wetu tunaijua kama kitabu cha darasa la kipaimara. Lakini mtazame alivyopanga vichwa vya sehemu zake: aliandika jinsi mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Na baada ya kila amri na kila ombi, aliweka swali la kuuliza maana yake. Kile ni kitabu cha maswali ya mezani. Sisi tumekitoa mezani tukakipeleka darasani, kisha tukamwachia mwinjilisti.

Hata Shule ya Jumapili haikuanzishwa ichukue nafasi ya nyumba. Robert Raikes, mchapishaji wa gazeti katika mji wa Gloucester, Uingereza, aliichochea kuanzia mwaka 1780 kwa ajili ya watoto wa maskini waliofanya kazi siku sita za juma na kuranda mitaani Jumapili. Walifundishwa kusoma, na Biblia ndiyo iliyokuwa kitabu chao. Ulikuwa msaada kwa mtoto aliyekosa. Leo msaada umegeuzwa kuwa ndiyo malezi yenyewe. Juma lina saa 168. Shule ya Jumapili inapata saa moja, pengine moja na nusu. Mzazi anayeiachia saa hiyo moja kazi yote, kisha akamlaumu mwalimu kijana akipotea, hajatenda haki.

Samaki na udongo

Wahenga walituambia: samaki mkunje angali mbichi. Walituambia tena: udongo upatize ungali maji. Ni maneno ya kweli, nayo yametusaidia kuamini kwamba malezi huanza mapema. Lakini naomba tuyatazame kwa makini tunapoyaleta katika imani. Samaki anayekunjwa amekwisha kutolewa majini. Hana la kusema. Mtoto yu hai. Ukimkunja kwa nguvu atakaa ulivyomkunja maadamu mkono wako uko juu yake, na siku utakapoondoa mkono atajikunjua. Tumewaona vijana hao. Walikuwa wa kwanza kwenye benchi la watoto. Mwezi wa kwanza chuoni hawajui kanisa liko upande gani.

Udongo unatufaa zaidi, kwa sababu mfinyanzi anajua kwamba udongo una wakati. Kuna wakati wa kukanda, wakati wa kufinyanga, wakati wa kuanika kivulini, na wakati wa moto. Atakayetia motoni chungu kibichi atakipasua. Basi tuzitazame nyakati hizo moja baada ya nyingine.

Mgongoni: je, niko salama?

Tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu hivi, mtoto hana maneno, lakini swali analo. Anauliza kwa kilio: kuna mtu? Akilia usiku na mtu akaja, amejibiwa. Akishikwa kwa mikono yenye hasira, amejibiwa pia. Mtoto mchanga huitambua sauti ya mama yake tangu siku za kwanza, kwa kuwa alianza kuisikia tumboni. Maana yake ni kwamba wimbo ambao mama mjamzito anauimba akifua nguo una msikilizaji.

Imani kabla ya kuwa mafundisho ni kumtegemea mtu. Atakayeambiwa baadaye kwamba Mungu ni Baba atalipima neno hilo kwa baba anayemjua. Kwa hiyo mafundisho ya umri huu ni mbeleko, ni titi, ni sauti ya upole, ni sala fupi ile ile kila usiku kwa maneno yale yale, hata kama mtoto haelewi neno lolote. Atayajua mapigo yake kabla ya kuijua maana. Baba naye amshike, amwimbie. Kama nyumbani mnasali kwa Kichaga au Kihaya, salini kwa lugha hiyo. Lugha ya mgongoni haimtoki mtu hadi anazeeka.

Na sisi tulio kanisani tuna deni hapa. Makanisa yetu hutofautiana: wako wanaombatiza mtoto mchanga, wako wanaombariki na kungoja akue aamue mwenyewe. Lakini wote tunasimama siku hiyo na kuahidi kumlea. Ahadi hiyo inajaribiwa Jumapili inayofuata, mtoto anapolia katikati ya mahubiri na vichwa vyote kumgeukia mama yake. Katika Marko sura ya 10, waliowakemea watu walioleta watoto walikuwa wanafunzi, na aliyechukizwa na jambo hilo alikuwa Yesu. Mama akitoka nje kwa aibu na asirudi, tumempoteza msharika mmoja na mwingine mdogo mgongoni mwake.

Jikoni: Mungu anakaa wapi?

Kati ya miaka mitatu na sita maneno yanafunguka, na maswali yanamwagika kama mtama wa gunia lililotoboka. Mungu anakaa wapi? Anakula nini? Nani alimwumba? Mbona simwoni? Bibi atapumuaje? Mtoto huyu huchukua neno kama lilivyo. Ukimwambia Yesu anaishi moyoni mwake, anaweka mkono kifuani kumtafuta.

Kuna makosa mawili tunayoyatenda katika umri huu, na naomba tuyatubu.

La kwanza ni kumfanya Mungu kuwa askari wa nyumbani. Sikilizeni jikoni mwetu. Sukari imepungua, mama anasema: "Mungu anakuona!" Mtoto amempiga mdogo wake: "Mungu atakuchoma!" Lakini mtoto yule yule alipomgawia mwenzake muwa, hakuna aliyesema Mungu amekuona. Alipolala na homa, hakuna aliyemwambia kwamba Mungu anamwona pale kitandani. Matokeo yake anakua akimjua Mungu anayechungulia watu wanapokosea tu. Mungu wa namna hiyo hukimbiwa mara miguu inapopata nguvu.

Kosa la pili ni kumfunika mtoto kwa maneno mazuri yasiyo kweli wakati wa msiba. Tunamwambia marehemu amelala; mtoto anaanza kuogopa kulala. Tunamwambia amesafiri, anakaa mlangoni akimngoja. Tunamwambia Mungu alimpenda sana ndiyo maana akamchukua; anaanza kuogopa kupendwa na Mungu. Yule mtoto wa makaburini nilimwendea mwezi uliopita. Sasa yuko kidato cha kwanza. Nilimuuliza kama anaikumbuka siku ile, akasema anaikumbuka. Akaniambia kwamba kwa muda mrefu baada ya mazishi alikuwa hawezi kujifunika shuka usoni. Nilimwomba radhi.

Nilipaswa kumjibu nini siku ile? Nilipaswa kuchuchumaa hadi macho yetu yalingane, nikamwambia: "Bibi hapumui tena, mwanangu. Mwili wake umekufa. Hausikii giza wala mchanga. Yesu naye alizikwa, na Mungu akamfufua. Tunaamini atamfufua na bibi. Mimi pia ninamlilia." Maneno hayo machache yanamtosha mtoto wa miaka mitano. Hayahitaji shahada ya theolojia. Yanahitaji mtu mzima anayeamini anachokiimba.

Umri huu ni wa hadithi. Zamani bibi alisema "Paukwa!", nasi tukajibu "Pakawa!", na sungura akaingia akilini mwetu asitoke. Mhadithieni mtoto habari za Nuhu, za Daudi na kondoo wake, za mwana mpotevu, kwa namna ile ile, kwa sauti na mikono. Msiwe na haraka ya kusema fundisho la hadithi ni hili na hili. Mtoto akimwona yule baba akikimbia njiani kumkumbatia mwanawe mchafu, amekwisha kufundishwa.

Darasani: ni kweli, na ni haki?

Karibu na miaka saba kitu kinageuka. Mtoto anaanza kutenganisha hadithi ya sungura na habari ya Yesu, na anataka kujua ipi ilitokea. Kanisa limeutambua umri huo kwa muda mrefu. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza kwamba watoto Wakatoliki waikaribie Komunyo wanapofikia umri wa kutumia akili, yaani karibu miaka saba, badala ya kungojeshwa miaka mingi zaidi kama ilivyokuwa desturi mahali pengi.

Kumbukumbu ya mtoto huyu ni ghala pana. Anaweza kushika Amri Kumi, Zaburi, nyimbo, majina ya vitabu vya Biblia. Tumjazie ghala. Katika sharika zetu za Kilutheri, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, huwaona watoto hawa wakisoma masomo, wakighani ngonjera, wakiongoza ibada nzima, na wazazi tunajifuta machozi. Ni siku njema. Lakini Jumapili inayofuata watoto hurudishwa nyuma ya kanisa, au chini ya mwembe, hadi Septemba nyingine. Anayeweza kusoma somo mara moja anaweza kusoma mara sita kwa mwaka.

Swali kubwa la umri huu ni la haki. Mtoto wa miaka tisa ni hakimu. Anatazama kama tunayoyasema tunayatenda, na hasahau. Mdai anapiga simu, baba anamwambia mtoto: "Pokea, mwambie sipo." Amri ya kutoshuhudia uongo imekwisha kufutwa nyumbani humo, na mwalimu wa Jumapili hataweza kuiandika tena. Tumesali chakula kwa maneno marefu, kisha dada wa kazi akala peke yake jikoni makombo yaliyobaki. Mtoto ameona. Hasemi kitu, lakini ameweka alama.

Mpeni mtoto huyu kazi ya imani. Wakatoliki wana Utoto Mtakatifu, ulioanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson kwa wazo jepesi: watoto wawasaidie watoto. Sisi tunampa mtoto sarafu ya shilingi mia mbili mlangoni pa kanisa, anaitia kapuni, wala hajui imetoka wapi na inakwenda wapi. Mwacheni afuge kuku mmoja, yai lake liwe sadaka. Mchukueni mkamwone mgonjwa; yeye abebe chupa ya uji. Imani itaingia mikononi mwake.

Na ili haya yawezekane, mtoto lazima awe nyumbani. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa sababu maalumu. Wako wazazi walionung'unika. Mimi nilishukuru. Miaka ya hadithi na ya sala ya usiku hailipiwi ada mtu mwingine akakulelea.

Rikani: hii ni imani yangu, au ni yenu?

Luka, sura ya 2, anatupa picha moja tu ya Yesu kati ya utoto na utu uzima. Ana miaka kumi na miwili, yumo hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Walimu wale hawakumwambia watoto hawaulizi mambo hayo. Wazazi wake wanamtafuta siku tatu, na wanapompata hawaelewi jibu lake. Kila mzazi wa mtoto wa kipaimara na aisome sura hiyo taratibu. Hofu ya Mariamu na Yusufu ni hofu yetu: mtoto tuliyesafiri naye ameanza kwenda mahali ambapo hatujamtuma.

Mabibi na mababu zetu waliujua umri huu. Hawakumwacha kijana aupite peke yake. Walimtia katika rika, wakampa wakufunzi, wakamfungulia siri za utu uzima. Wamisionari wengi waliikataa jando na unyago kabisa. Wachache walitazama zaidi. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, kule kusini mwa Tanzania, aliijenga jando ya Kikristo, yenye sala na mafundisho ya Kanisa ndani ya desturi ambayo watu waliiheshimu. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliona nguvu ya wanarika wa Kichaga, akawaunganisha vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo ambamo kila mmoja aliwajibika kwa mwenzake. Njia zao zilijadiliwa sana, na mengine waliyoyafikiri hatuwezi kuyapokea leo. Lakini walielewa kitu tulichokipoteza: mtoto wa miaka kumi na minne anahitaji wenzake, na anahitaji mzee asiye mzazi wake.

Leo kipaimara tumekifanya nini? Sharika nyingi zina miaka miwili ya mafundisho, Jumamosi kwa Jumamosi, na nusu ya Jumamosi hizo mtoto yuko masomo ya ziada, na mzazi anamwombea ruhusa. Kisha miezi mitatu kabla ya siku yenyewe kamati inaundwa, michango inapita, ukumbi unakodiwa, suti inashonwa, keki inaagizwa. Mtoto anasimama madhabahuni kuthibitisha imani aliyobatiziwa, na kesho yake haonekani. Ni mahafali. Amehitimu kanisa.

Ushauri wangu ni huu. Kila mtoto wa kipaimara apewe mzee mmoja wa usharika, mwanamume kwa mvulana na mwanamke kwa msichana, achaguliwe kwa uangalifu na wakutane pale ambapo wengine wanawaona. Mzee huyo amweleze jinsi alivyoamini na mahali alipoanguka. Darasani pawe na nafasi ya maswali yasiyo ndani ya kitabu: balehe, mapenzi, simu, picha zinazopita usiku kwenye simu hiyo. Na Jumapili inayofuata kipaimara, kila mmoja awe na zamu: kuimba, kupokea wageni, kufundisha watoto wadogo, kupanga mitambo ya sauti. Fedha ya keki inaweza kusubiri. Zamu haisubiri.

Bwenini: mbona Mungu aliruhusu?

Kuanzia miaka kumi na sita kijana yuko mbali, kwa mwili au kwa mawazo. Amesoma bayolojia, ana maswali juu ya Mwanzo. Rafiki yake amekufa kwa ajali ya bodaboda. Amesikia mahubiri yanayoahidi fedha kwa kila atakayetoa, akamwona mama yake akitoa na kubaki maskini. Anauliza kama Mungu yupo, na kama yupo, mbona ameruhusu.

Mzazi akisikia hayo kwenye simu, neno la kwanza mdomoni ni: "Umepotea!" Tulimeze neno hilo. Mtaalamu wa Marekani James Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya hatua za imani, alieleza jinsi kijana anavyoshika kwanza imani ya watu wanaomzunguka, na jinsi baadaye hulazimika kuichambua ili iwe yake. Tomaso hakufukuzwa kundini kwa kusema hataamini mpaka aone. Aliachwa akae na wenzake juma zima, na Yesu alimkuta humo humo. Kazi yetu ni kuhakikisha kijana mwenye shaka bado ana mahali pa kukaa. Vikundi vya wanafunzi kama UKWATA katika shule za sekondari, TYCS kwa Wakatoliki na CASFETA kwa Wapentekoste vimeshika vijana wengi ambao nyumba ziliwaachia. Usharika ulio karibu na shule uvijue vikundi hivyo na uvitembelee.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Bukoba, uliwagusa hasa watu waliokuwa kanisani tayari. Walibatizwa, walifundishwa, na siku moja wakagundua kwamba hawajawahi kusema na Mungu kwa kinywa chao wenyewe. Siku hiyo kwa mtoto wako hujui itakuja lini. Huwezi kuilazimisha. Unaweza kuisubiri ukiwa macho.

Monika alisubiri hivyo. Alikuwa mama Mwafrika wa Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Aljeria. Mwanawe Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, aliiacha imani ya mama yake, akafuata mafundisho mengine, akazaa nje ya ndoa, akavuka bahari kwa kumtoroka. Monika alimfuata hadi Milano. Agostino alibatizwa na Askofu Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387, akiwa na zaidi ya miaka thelathini, na mama yake alifariki mwaka huo huo. Monika hakumwona akiwa askofu. Alimwona akiwa Mkristo.

Akina baba, na sisi sote

Paulo anapoitaja imani ya Timotheo, anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kitabu cha Matendo, sura ya 16, kinasema baba yake alikuwa Myunani, na hakisemi zaidi. Katika nyumba nyingi za Kikristo kwetu, historia ya imani ikiandikwa, baba atatajwa kwa kabila na kazi yake tu. Anawaambia watoto nendeni kanisani, naye anabaki na gazeti, au anawashusha getini na kurudi kuwachukua. Akina baba, kijana wa miaka kumi na mitano ataamua kama imani ni jambo la wanaume kwa kuwatazama ninyi.

Nanyi mnaolea peke yenu, mabibi mnaolea wajukuu yatima, mjomba unayesomesha watoto wa dada yako: msidhani mhadhara huu ni wa nyumba zilizokamilika. Timotheo alilelewa na wanawake wawili, na akawa mchungaji.

Mtoto hataki tujue yote. Akiuliza na hujui, mwambie: "Sijui, mwanangu, tukae tulitafute pamoja." Hilo nalo ni jibu la imani. Lililo baya ni kiganja kile mdomoni.

Naomba basi, kabla hamjalala leo, kila mmoja amkumbuke mtoto mmoja aliyewahi kumnyamazisha. Huenda ni wako, huenda ni wa dada yako, huenda sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Mtafuteni. Mwambieni mlilisikia swali lake, na kwamba mmekuja kulijibu.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.